Zamu ya Sabina

Sogeeni karibu, wanangu, msinilazimishe kupaza sauti, maana pumzi yenyewe naiokoteza. Wewe Padre Hanratty, makamu wangu, kaa hapo dirishani. Na wewe Honora, mpwa wangu, nishike mkono huu ambao bado una joto. Mafuta ya wagonjwa nimekwisha pakwa, na sasa lililobaki ni kuwaambia mahali pa kunilaza.

Kanisa kuu, seminari, nyumba ya masista na shule zote, ambazo kwa desturi ya nchi hii zimeandikwa kwa jina langu, namwachia askofu atakayenifuata. Nilifika hapa Marekani kutoka Roscommon, ng'ambo ya bahari, nikiwa kijana asiye na viatu, nikapewa daraja la upadre, nikalizunguka jimbo hili juu ya farasi nikisoma misa katika mabanda ya wachimba mfereji, na wale waliotuchukia sisi Wakatoliki walipolichoma kanisa letu la mbao, nikajenga la matofali. Wajerumani wa mtaa wa juu, niliogombana nao miaka na miaka kwa sababu walitaka mahubiri kwa lugha yao, waacheni wahubiriwe wanavyopenda. Nimechoka kuwakasirikia, na bia yao ni nzuri kuliko yetu. Fimbo na pete ni mali ya kanisa. Farasi wangu mzee asiuzwe.

Lakini makaburi ya wachimba mfereji, kile kiwanja chenye ukuta wa mawe, nilikinunua mwenyewe, nacho namwachia Honora, na humo ndimo mtakamonizika. Kibali cha mji ninacho.

Padre, usianze kutikisa kichwa. Najua kaburi la marumaru liko tayari chini ya altare, na maaskofu watakuja kwa treni na mavazi yao. Wewe umezaliwa hapa, lakini wazee wetu walivuka bahari na imani kwamba anayezikwa mwisho ndiye anayewachotea maji walioko toharani, usiku na mchana, bila kupumzika, mpaka aletwe maiti mwingine wa kumpokea zamu. Ndiyo maana kwetu mazishi mawili yakiangukia siku moja watu hukimbia na jeneza. Nimeona kwa macho yangu waombolezaji wakipigana ngumi langoni, na jeneza moja likapitishwa juu ya ukuta ili liwahi. Nilipokuwa askofu nililifanyia mzaha jambo hilo mimbarini, na watu wakacheka pamoja nami.

Basi, mwaka wa kipindupindu, dada yangu Sabina, mama yako, Honora, alizikwa pale jioni, wewe ukiwa bado unanyonya. Kesho yake mji ukayafunga makaburi, na hajazikwa mtu tena hadi leo. Na alipokuwa hai kazi yake ilikuwa nini? Alibeba mzega, ndoo huku na ndoo huku, akiwapelekea maji wachimbaji tangu alfajiri, ili mimi nikae seminari nikisoma Kilatini. Nilipotaka kuacha masomo nimsaidie, alinifokea: "Wewe nawe! Na mikono hiyo laini kama ya mtoto wa kabaila, utabeba nini? Rudi kwenye vitabu vyako kabla sijakumwagia ndoo hii!" Nikarudi. Mabega yake yalikuwa na vidonda.

Tangu nianguke kitandani namsikia. Ndoo inagonga jiwe, kisha nyayo, kisha kimya, kisha tena. Jana nilimwambia Padre, akanijibu, "Baba Askofu, ni bomba la jikoni linavuja, nitamwita fundi." Mwite tu, mwanangu, huenda ni kweli. Teolojia nimeisoma na kuifundisha, lakini ninaogopa, Honora, ninaogopa kulala kwenye marumaru kavu ilhali mama yako hajautua mzega wake. Kama imani ile ni upuuzi, mtakuwa mmemzika mzee karibu na dada yake, na hakuna aliyedhurika. Na kama ni kweli... nipeni maji kidogo... hapana, acheni.

Msinivishe mavazi ya dhahabu. Kanzu nyeusi inatosha, na viatu vya ngozi, vile imara vya safarini, mnifunge kamba vizuri. Padre, misa ya wafu utaiimba wewe mwenyewe, wala usikate mistari.

Honora, niapie jambo moja. Naujua moyo wako. Utazeeka, utaanza kunihurumia, utasema mjomba naye apumzike, utake uzikwe humo unipokee zamu. Usije. Kiwanja ni chako, kitie kufuli. Wanao wasizikwe humo, wala wajukuu, wala yeyote... Acha iwe kazi yangu siku zote, mimi nimeikubali... Mungu awabariki, Baba, na Mwana... mkono umekuwa mzito, niinulieni... na Roho...

Sema ndiyo, Honora. Sema kwa nguvu, sikusikii.