Sarafu Isiyosuguliwa

Kli. Sarafu ilianguka usiku kwenye sakafu ya saruji, ikazunguka kidogo, ikalala. Mama Kahawa alikuwa anapanga chenji ya mauzo; mumewe, Fundi Saa, yuko kitandani, kaupa ukuta uso. Mama akaiokota, akaisogeza kwenye taa. Kichwa kilichochorwa juu yake kilikuwa kimehama pembeni hadi kisogo kikakatika, na upande wa pili umebaki utepe mtupu, mwembamba kama ukucha. Asubuhi alikuja nayo kijiweni pamoja na birika.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha Fundi Saa. Kinyozi tunamwita Spika, maana hana kitufe cha kupunguza sauti. Seremala ni Futi, mwenye penseli sikioni hata siku ambayo hana kazi. Fundi Saa mwenyewe hukaa ndani, dirisha wazi, kioo kidogo jichoni, anasikia yote na kuchangia machache. Kinachotukusanya ni kahawa ya mkewe. Inayobaki ni midomo yetu.

Spika ndiye aliyeidaka sarafu kwanza.

— Hii ni mali, mama. Yule mtu wa mashine ya kuchapa sarafu alisinzia.

Futi akaipima kwa rula yake ndogo, akasema usingizi haukati kisogo namna hiyo. Kwa hesabu zake, ardhi ilitikisika, kiwanda kizima kikasogea, na sarafu zote za siku ile zikatoka zimeangalia kando. Spika akaona anapitwa. Akasema hakuna cha tetemeko, zilifanywa makusudi, ziko chache na kila moja inatafutwa. Ukifika nayo uwanja wa ndege yupo jamaa wa miwani myeusi, hakuulizi kitu, anakukabidhi nyumba.

— Ya vyumba vingapi?

— Inategemea kisogo kimekatwa kiasi gani.

Hapo kila mtu akaanza kupekua mifuko. Zikatoka sarafu zilizoliwa na kutu, zilizopondwa na magurudumu, moja ina rangi ya mlango. Futi akatoa ya kwake yenye tundu, akailaza juu ya benchi taratibu kama anayelaza mtoto.

— Futi, bwana, Spika akasema. Hilo tundu ulitoboa wewe. Ulikosa washa ya kukazia boliti ya kiti changu.

— Sikatai. Lakini nilikosea, halijakaa katikati.

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kutoka dirishani ikaja sauti ya Fundi Saa, hajainua kichwa.

— Kosa la kiwandani halina mkwaruzo. Chuma kimelala kama kilivyozaliwa. Ya mtaani ina makovu. Iweke kando ya nyingine iliyo nzima, uangalie ukingo.

Mama Kahawa alikuwa anamimina. Mkono ukasimama.

— Nani kakufundisha hayo, baba?

— Watu husema.

— Watu gani?

Akapuliza vumbi kwenye saa. Benchi zima tulijua ni nani.

Zamani hatukumwita Mama Kahawa. Tulimwita kwa jina la mwanawe, kama mama mwingine yeyote, naye alikuwa na mmoja tu. Kijana huyo alikulia kwenye benchi hili, anachambua chenji ya mama yake: hii ya kawaida, hii imepigwa mara mbili, hii mashine iliiruka herufi. Zilizokosewa alizitia kwenye kopo la majani ya chai, na kopo lilikuwa limeanza kuwa zito pale baba yake alipotaka kumfurahisha. Fundi akazitumbukiza zote kwenye dawa yake ya kusafishia saa, akazisugua moja moja kwa brashi, akarudisha kopo linang'aa kama taa. Kumbe sarafu ya namna ile ikishasuguliwa, mnunuzi haigusi tena. Thamani yake imo kwenye ngozi yake ya zamani.

Kijana alisema mbele ya wateja, “Baba, umeziua.” Na Fundi, aliyekuwa bado na vidole vyeusi kwa kazi ile, akajibu kwamba jina la mtoto asiye na shukrani lisisikike tena karibu naye. Kijana akahamia mji mwingine, akapata kazi kwenye duka la sarafu za kale. Hajarudi. Tangu hapo mke humwita mumewe “baba”, neno limekatwa mkia. Mume humwita mkewe “wewe”. Sisi nasi, kwa kuogopa kukanyaga kidonda, tukamhamishia jina la birika.

Spika, ambaye ukimya humwasha mwili, alikuwa keshapata wazo jipya. Akasema sarafu ina weusi weusi, huyo wa miwani hataiona vizuri. Majivu na limau, dakika moja tu. Akaitemea mate, akavuta pindo la aproni yake.

Mlango wa kibanda ukafunguka. Fundi Saa hatoki kabla ya mchana, kila mtu anajua. Alitoka.

— Acha.

Aliisema polepole. Akaichukua sarafu kwa kingo zake, akaigusisha kitambaa laini cha saa mpaka unyevu ukaisha, bila kusugua, kisha akaitazama kwa kioo chake. Aliitazama mno. Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Sikuileta kuuza, baba. Yupo anayejua kuiangalia. Nataka nimpigie simu, nimwambie njoo. Nimpigie, au niendelee kunyamaza?

Fundi akaifunga sarafu ndani ya kitambaa, akakunja pembe moja, akakunja nyingine. Spika alikuwa anahesabu machicha kwenye kikombe chake kitupu.

Ndipo akafika mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, muuguzi, katoka zamu, macho mekundu kwa usingizi. Akatuamkia wote mmoja mmoja. Akaomba kahawa, akapewa, akanywa funda la kwanza kwa kusimama, akatabasamu kwa aibu.

— Samahani, mama. Kila siku nakunywa kahawa yako na jina silijui. Nikuite mama nani?

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote tuliyoulizana asubuhi ile. Futi akatoa penseli sikioni, akairudisha. Spika, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akafungua kinywa na kisitoke kitu. Mama Kahawa akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Fundi Saa akaushika mkono wa mkewe, akauweka ule mkunjo wa kitambaa kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake.

— Mwite Mama Chembe, akasema.