Walidhani Ninafunga

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Wageni wetu wa Columbus na Buffalo, karibuni hapa Louisville. Mimi ni Mama Neema, mwimbaji wa kwaya hii. Nilizaliwa Fizi, kule Kongo, nikakulia katika kambi ya wakimbizi, na leo nataka kumshukuru Mungu mbele yenu.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunafanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Okolona. Bon, mume wangu akaumia mgongo, akabaki nyumbani. Mshahara wangu ukawa unaishia kwenye kodi na umeme. Kidogo kilichopatikana tuliwapa watoto, sisi wawili tukanywa chai, tukalala. Ndugu zangu, njaa katika nchi hii ya Marekani ambayo duka lina ukuta mzima wa chakula cha paka! Kambini tulikosa wote, hakuna aliyeona haya. Hapa niliona haya. Mdogo wangu alipopiga simu kuuliza tumekula nini, nilimwambia kuku.

Nikakonda. Kanisani wakaanza kunisifu: "Mama Neema anafunga sana, ndiyo maana sauti yake ina upako." Nikaitikia amina.

Siku moja Mama Furaha, tunayeimba naye, akaja nyumbani.

"Dada, nimekuja tufunge pamoja. Nina shida, nataka Mungu anisikie kama anavyokusikia wewe."

"Shida gani?"

Akatazama chini. "Kwangu hakuna chakula."

Ndugu zangu, nilicheka mpaka machozi yakatoka. Akafikiri namdharau. Nikamshika mkono, nikamfungulia kabati: chumvi na majani ya chai.

"Mimi sifungi, dada. Mimi nina njaa."

Naye akacheka. Tukapiga magoti pale jikoni, tukaomba Mungu atuondolee haya ya kusema tuna njaa.

Jumapili tukasimama mbele, tukasema yote. Mzee mmoja akainuka: "Hata kwangu ni hivyo." Mwingine akainuka. Mchungaji akaacha mahubiri. Wenye kitu wakakimbia kukileta, sufuria kubwa ya harusi ikatolewa, na mchana ule tukala bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagi humu ndani, mpaka watoto wakaanza kucheza ngoma.

Tangu hapo tunapika kila Jumamosi, na nyuma ya kanisa tumelima lengalenga, mchicha wetu wa nyumbani. Mgongo wa mume wangu umepona, amepata kazi Jeffersontown. Jumamosi yeye ndiye msonga bugali. Anasema bugali wa wanawake ni laini mno.

Labda wewe uliyeketi hapa umevaa vizuri na tumbo ni tupu. Mtumaini Mungu, na useme. Hata Bwana Yesu, alipofufuka, aliwauliza wanafunzi wake kama wana chochote cha kula. Ikiwa yeye hakuona haya, mimi na wewe ni nani hata tuone haya?

Amina. Sahani ziko pale nyuma.