Moyo kwa Kihispania

Benchi letu limeegemea kibanda cha Fundi Viatu, na anayelikalia ana haki ya kusema hata asichokijua. Haki hiyo tunaitumia vizuri sana. Jioni ile birika lilijaa kahawa, lakini Fundi hakugusa kikombe chake. Binti yake anasoma shule ambayo baiolojia na historia hufundishwa kwa Kihispania. Kesho yake asubuhi angesimama mbele ya walimu watatu aeleze kazi ya moyo kwa lugha hiyo. Akishindwa, anarudishwa shule yake ya zamani.

— Kwani moyo si ni uleule? alianza Dereva. Aueleze kwa Kiswahili yaishe.

— Wewe hujui, alisema Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la sita ila miwani hajaivua. Kihispania ni lugha ya mbio. Ukisomea hicho, damu yenyewe inakwenda kasi.

— Basi hata hesabu zinaisha mapema.

— Kabisa. Na historia ukiisoma kwa lugha mbili, umeishi miaka maradufu.

— Kwa hiyo binti wa Fundi amenizidi umri?

— Akija, mpe shikamoo.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Fundi hakucheka.

— Mwenzenu silali, alisema. Nimemruhusu aende huko, na sina hata neno moja la kumsaidia.

Binti akatokea, daftari kwapani. Akatuamkia, akachukua chaki ya baba yake, akachora moyo wenye vyumba vinne juu ya kipande cha soli, na mapafu pembeni. Kila jioni hujisomea hivyo, mbele ya baba aliyeshika sindano. Akaanza kusema, kidole kikifuata njia ya damu. Profesa alivua miwani. Dereva alisahau kikombe mdomoni. Mimi sikuelewa kitu, lakini mwili ulinisisimka: mtoto tuliyemwona akitambaa hapa, leo anatutembeza ndani ya moyo kwa lugha ya watu.

Alipomaliza tukapiga makofi.

— Rudia pale katikati, mwanangu, alisema Fundi.

— Wapi, baba?

— Pale kidole kilipovuka. Siku zote damu inapitia mapafuni kwanza. Leo umeruka.

Binti aliinamia soli, akaitazama sana.

— Kweli, baba. Nimeruka.

Akarudia yote, polepole, na safari hii kidole kilipita mapafuni. Fundi akatikisa kichwa kukubali, kisha akanywa kahawa yake, ingawa ilishapoa.

Mama mmoja mgeni alikuwa amesimama muda wote huo na kiatu mkononi, akingoja kuhudumiwa.

— Samahani, Fundi, aliuliza. Hicho Kihispania wewe ulijifunzia wapi?

Fundi aliitazama ile soli yenye chaki. Akamgeukia Profesa amsaidie. Profesa, kwa mara ya kwanza tangu benchi hili liwekwe, alimpa mtu mwingine miwani yake: alimvisha Fundi.