Kapteni wa Sebuleni na Uwanja Uliofutwa

"Niambie dawa yake, shemeji!"

"Sikuambii ng'o! Kasimame mbele za watu useme ulichomfanyia mume wangu, ndipo uje kuniuliza mambo ya kompyuta."

"Marehemu keshalala, wewe unafukua kaburi?"

"Yeye kalala. Mimi niko macho, tena kodo!"

Wasikilizaji wapendwa, hayo yalisemwa ngazini, kati ya milango miwili inayotazamana, msiba ukiwa bado mbichi. Anayeomba ni kinyozi. Anayekataa ni mjane wa fundi friji, yule tuliyemwita Kapteni. Leo tunamkumbuka Kapteni.

Kapteni hakuwahi kupanda ndege. Ndege yake ilikuwa sebuleni: kompyuta, usukani aliouunda kwa mpini wa friji bovu, na kiti ambacho mgeni hakikalii. Alichora njia ya safari kwenye programu moja, akahifadhi faili, kisha akaliingiza kwenye mchezo wa kurusha ndege. Jumamosi nyumba ilijaa, watoto zuliani, sisi wakubwa mpaka dirishani. "Abiria, fungeni mikanda!" Basi shangazi yake anashika kochi kwelikweli.

Siku moja kinyozi, naye mrushaji wa mchezo huo huo, akamtaka washindane. Njia moja, kompyuta mbili, nyumba imefurika. Faili la njia alilileta kinyozi. Kapteni akamwamini jirani, akaliingiza bila kulikagua, akaiachia ndege ifuate njia yenyewe. Ndege ikafika uwanjani, ikaupita, ikaenda zake baharini mpaka mafuta yakaisha. Ya kinyozi ikatua. Watu wakacheka. Binti wa Kapteni naye akacheka, na hicho ndicho kilichomchoma.

Watu walipotoka, akalifungua lile faili akalisoma. Kituo cha mwisho, uwanja wa kutua, kilikuwa kimefutwa. Kimefutwa, wasikilizaji wapendwa, kwa mkono wa mtu!

"Hakupiga kelele," mjane anasema. "Aliniambia tu, mama watoto, huyu nitamla taratibu."

Wanasema subira huvuta heri. Ya Kapteni ilivuta kisasi. Kinyozi alinunua toleo jipya la mchezo, na faili zake zote za zamani zikakataa kuingia. Dawa ilikuwa ndogo, na Kapteni na mkewe waliijua: kuzihifadhi upya kwa muundo wa toleo jipya, basi. Akamkimbilia Kapteni.

"Umeziweka folda gani?"

"Ile ile."

"Ahaa! Futa mchezo wote, uweke upya."

Akafuta, akaweka. Zikakataa.

"Labda majina ya faili ni marefu."

Akayafupisha yote. Zikakataa.

"Badili waya wa kibodi."

Akabadili waya! Waya na faili wapi na wapi? Mteja kanyolewa nusu kichwa anangoja, kinyozi yuko kwenye kompyuta. Na Kapteni kila mara anamsindikiza mlangoni: "Pole, jirani. Karibu tena."

Hata wodini, moyo wa Kapteni umeshachoka, kinyozi alikuja na machungwa akaulizia faili zake. Kapteni akatabasamu. "Anza mwanzo." Mjane anasema hakutamka lingine.

Alikwenda ameshiba. Njaa moja tu ilibaki: binti yake bado aliamini kuwa baba ndiye aliyekosea. Hiyo ndiyo mjane alikataa kuizika.

Tunampa pole mjane, binti, na mafundi wenzake wote. Nawe unayesikiliza, uliyemfanyia mwenzio hila ukadhani imesahaulika, jiulize leo. Mtenda husahau. Mtendwa hasahau.

Jana, chakula cha msiba kikipakuliwa kwa mjane, kinyozi alisimama mlangoni. Ndani walijaa wale wale waliocheka.

"Uwanja niliufuta mimi," akasema. "Kapteni hakukosea."

Binti akaweka sahani chini, akalia kwa sauti. Safari hii hakuna aliyecheka. Mjane akamkazia macho kinyozi mpaka akainama, kisha akawaambia watu wasogee.

"Ingia ule, jirani. Chakula hakina kinyongo. Kinyongo ninacho mimi."