Enesi wa Iyula, Aliyekataa Kushukuru

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto, naye aje asikie. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Iyula, kule Mbozi. Jina lake Enesi. Amefariki mwezi huu na kuzikwa kando ya kahawa zake. Hakuwa mke wa chifu wala hakuwa mwalimu. Alikuwa mkulima. Lakini mpaka leo, ukimtaja Enesi pale kisimani, wapo watakaonyamaza na wapo watakaobishana.

Chanzo ni maneno aliyoyasema kanisani, Jumapili moja ya mwaka 1937.

Twende taratibu. Enesi aliolewa na Boazi akiwa msichana. Wakapata binti mmoja, Roda. Baada ya Roda, kila mimba iliharibika. Ndugu za mume wakaanza kunung'unika. Enesi hakungoja wamletee mke mwenza. Alimwambia mumewe, "Mwenzangu nitamtafuta mwenyewe, nimjue." Wakashuka wote wawili mpaka Undali, wakarudi na binti anayeitwa Anyosisye. Shikeni jambo hili, wasikilizaji: Anyosisye aliletwa na Enesi. Ni Enesi aliyempokea mzigo wake mlangoni.

Anyosisye akazaa watoto wa kiume watatu. Wanawake hao wawili walilima pamoja na kupanda kahawa pamoja. Hawakuwa marafiki wa karibu. Zilikuwepo siku hawakusemezana kwa sababu ya kuni tu. Lakini mmoja akiugua, mwenzake alichota maji ya nyumba zote mbili.

Baadaye Enesi akabatizwa. Akaingia kwaya. Miaka michache mbele, Boazi naye akataka ubatizo. Hapo ndipo penye tatizo. Sheria ya kanisa lile ilikuwa moja: mwenye wake wawili abaki na wa kwanza, wa pili aondoke. Boazi akakubali. Anyosisye akaambiwa kwamba mavuno yakiisha arudi Undali. Wazazi wake walikwisha kufa. Na wale watoto wangebaki kwa baba yao.

Jumapili ile Mzee Osea, mkubwa wa wazee wa kanisa, alisimama akatangaza habari ile kwa furaha. Kisha akageukia upande wa akina mama.

"Mama Roda, simama umshukuru Mungu. Sasa nyumba ni yako peke yako."

Enesi akasimama. Roda, aliyekuwa ameketi ubavuni mwake, anasema mkono wa mama yake ulikuwa umeng'ang'ania benchi.

"Mzee Osea, mimi sina shukrani," alisema Enesi. "Mwanamke huyu nilimfuata mimi kwao. Leo niimbe, huku watoto wake wanamlilia? Kama dhambi ipo, ni yangu na ya mume wangu. Kwa nini alipe yeye?"

Kanisa likajaa kelele. "Kaa chini!" "Amerogwa huyo!" Roda anakumbuka kwamba waliopiga kelele zaidi ni akina mama wa kwaya ya mama yake.

Wazee wakakaa kikao. Enesi akatengwa. Marufuku Meza ya Bwana, marufuku kwaya, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu na kusema, "Nilikosa kusema." Ubatizo wa Boazi nao ukasimamishwa mpaka siku hiyo, na safari ya Anyosisye ikangoja. Kisimani akina mama wakawa wanahamisha mitungi yake ikifika karibu na yao. Msimu wa palizi hakuna aliyekuja kumsaidia. Boazi akaacha kula chakula alichopika mkewe. "Umenifungia mlango," alimwambia. Kaka yake Enesi, Danieli, akaja kutoka Igamba kumbembeleza.

"Dada, ni neno moja tu. Utapungukiwa nini?"

"Nikilisema, kesho Anyosisye anafunga mzigo."

"Basi njoo ukae kwangu."

"Nikija kwako, anaufunga leo."

Wasikilizaji, oneni alivyobanwa. Kusema neno hakuweza. Kuondoka hakuweza. Na kukaa pale kulikuwa kunammaliza.

Mambo yakazidi kuharibika. Jumbe mmoja wa jirani, mwenye wake wengi, akasikia habari. Akaja na watu wake na chungu cha pombe. "Huyu ndiye mwanamke!" akasema. "Ametetea ndoa zetu za asili!"

Enesi akatoka nje. "Mzee, mimi sikusema hivyo. Binti yangu sitaki aolewe mitala hata siku moja."

Jumbe akabeba chungu chake akaenda zake. Kuanzia hapo kwa wazee wa kanisa Enesi aliitwa mpagani, na kwa jumbe akaitwa mtu wa wazungu. Kila upande ulimvisha maneno ambayo hakuyasema.

Lakini pigo zito lilitoka kwa Anyosisye mwenyewe. Walikuwa wanachuma kahawa, alasiri, Roda yupo. Anyosisye akasema bila kuinua macho:

"Dada, uliponileta hapa hukuniuliza. Uliponisemea kanisani hukuniuliza. Sasa kila mtu ananitazama kama kidonda."

Enesi akaweka kikapu chini. "Basi unataka nini?"

"Wanangu. Na kahawa hii niliyoipanda. Mume mchukue."

Enesi akacheka. Akacheka mpaka akalia. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Ningekuuliza."

Maneno yale yale, bila kuyapamba, Enesi akayapeleka kwa Boazi, kisha kwa wazee. Wazee walibishana sana. Mwishowe wakakubali. Anyosisye hatakuwa tena mke wa Boazi, lakini atakaa ng'ambo ya shamba na wanawe, na kahawa zake ni zake. Boazi akabatizwa.

Akabaki Enesi. Mzee Osea akamwita. "Yamekwisha, Mama Roda. Omba radhi urudi."

Enesi akajibu, "Kwa Anyosisye nimekwisha kuomba radhi, maana nilimsemea bila kumuuliza. Kwenu niombe kwa lipi?"

Hawakumrudisha. Wasikilizaji wapendwa, hawakumrudisha mpaka amekufa. Kila mwaka walituma mtu na swali lile lile, naye alirudi na jibu lile lile. Siku za Meza ya Bwana, mume wake aliingia kanisani, naye akabaki nyumbani. Roda anasema mama yake aliimba huku anapika.

"Mama alijua sauti ya pili tu," Roda ametuambia. "Sauti ya pili ukiiimba peke yako si wimbo. Siku moja nikamuuliza kama anajuta. Akasema, 'Najuta kila Jumapili. Lakini nikifikiria kusimama na kusema nilikosa, naona ningekuwa nasema uongo.'"

Siku ya maziko kengele haikulia. Mchungaji hakuja. Boazi, ambaye sasa ni mzee wa kanisa lile lile, aliketi kwenye kigoda akitazama chini, maana sheria aliyoapa kuilinda ilimkataza kumwombea mke wake. Watu wakasubiri nani atasema. Akasimama Anyosisye, katikati ya wanawe.

"Alikosea kutoniuliza," alisema. "Nilimwambia, akanisikiliza. Ninyi mlisema yeye ndiye amekosa. Yeye alipowaambia ninyi, nani alimsikiliza?"

Wanawe wakashika majembe, wakafukia.

Kwako Roda, kwako Mama Anyosisye na wanao, kwako Danieli kule Igamba, na kwako Mzee Boazi: poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nanyi wasikilizaji, siwaombi mkubali kwamba Enesi alisema kweli. Wengine hamtakubali, na ni haki yenu. Naomba jambo moja tu. Pale mlipo, katika kanisa lenu, msikiti wenu, ukoo wenu, mfikirieni mtu mmoja mliyeacha kumsalimu kwa sababu ya neno alilolisema. Kama bado yu hai, kesho nendeni mkabishe hodi kwake.