Beth Ngendo, Adui wa Patipati

Namwomba mwenye kipaza sauti asikizime mpaka nimalize. Mimi ni Watiri, mdogo wake Beth, na upande wetu ndio uliopewa nafasi ya kusoma maisha yake. Kijitabu mlichoshika kina wasifu mwingine. Huo uliandikwa na kamati ya mazishi, chini ya mwenyekiti wake Mzee Dedan Wamae, kaka mkubwa wa mume wa marehemu. Humo mmeandikiwa kwamba Beth alikuwa mama mpole, mnyamavu, asiyepandisha sauti. Niliposoma nilidhani nimeletewa kijitabu cha mazishi ya mtu mwingine. Basi kifungeni, kitawafaa kujipepea, msikilize huu.

Beth Ngendo Mugo alizaliwa tarehe 9 Machi 1972, nje kidogo ya Mweiga, kwenye shamba la viazi la baba yetu upande wa Aberdare. Alitangulia kutoa miguu, na mkunga akasema huyu atasumbua watu. Mama yetu ameketi pale na blanketi magotini, anaweza kuwathibitishia kwamba mkunga hakukosea. Tangu utotoni Beth alikuwa mtu wa kubisha. Ukimwambia maziwa yamechemka, alikwenda kuchungulia sufuria mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990. Baba akampeleka polytechnic ya kijiji kujifunza kushona. Alishona mihula miwili. Muhula wa tatu alihamia darasa la umeme bila kumwomba mtu ruhusa, na baba alipata habari siku alipomkuta darini kanisani akivuta waya. Hata hivyo cherehani hakuitupa. Kila aproni aliyovaa kazini maisha yake yote aliishona mwenyewe, ya khaki, yenye mfuko mrefu wa mbele unaofungwa kwa kifungo. Mfuko huo tutaurudia.

Kazi ya marehemu ilikuwa hita za maji. Alizifunga, alizihudumia, na zilipougua alitafuta ugonjwa. Kuanzia mwaka 1994 alifanya kazi Nyeri mjini, Mweiga, Nanyuki, mara nyingine mpaka Kenol walikomwita watu wa gesti. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa saba. Wengi mlioketi hapa mmeoga maji moto kwa mikono yake, na wengi wenu mlimwita mwenye kiburi, kisha maji yakipoa mnampigia simu kabla hata hamjavaa.

Adabu ya biashara hakuwa nayo, sitawadanganya. Maji ya visima vya Nanyuki yana chokaa, na watu walikuwa wakitupa hita nzima, kumbe elementi, kile chuma cha kupashia maji, imeshika ukoko tu kama sufuria ya ugali. Beth alizima umeme, akafunga maji, akamwaga tangi, akachomoa elementi na kuikwangua, akaichunguza kama imepasuka, akairudisha na washa mpya, ile pete ya mpira inayozuia maji. Kisha alimgombeza mwenye nyumba kwa kukaa miaka bila kumwita. "Hita haifi hivi hivi," alikuwa akisema. "Mnaiua pole pole." Kuna mwenye hoteli aliyeziba valvu ya presha kwa kipande cha gunzi la mahindi, ati inadondosha maji na kuharibu rangi ya ukuta. Beth alimwambia mbele ya wageni wake, "Hiyo kitu inakojoa ndio tangi isipasuke. Wewe ukizibwa utasikia aje?" Hakuitwa tena kwenye hoteli hiyo, lakini gunzi lilitolewa.

Kabla ya kugusa chochote, alichomoa fyuzi, akaitia kwenye ule mfuko wa aproni, akafunga kifungo. Kuzima swichi peke yake hakukumtosha, kwa sababu swichi ni ya kila mtu. Yeyote anayetaka chai anaweza kuja kuiwasha huku fundi ameshika waya. "Fyuzi ikiwa kwa mfuko yangu, hakuna mjinga ataniwashia," alisema. "Inatoka kazi ikiisha." Mchungaji wetu anaijua fyuzi hiyo. Jumamosi moja mwaka 2011 Beth aliacha hita ya mchungaji nusu, akingoja washa, na Jumapili mchungaji akahubiri juu ya upendo akiwa amenuna, maana alikuwa ameoga maji ya bomba ya Mweiga. Wakati wa sadaka Beth, aproni ikiwa chini ya koti, akapeleka mkono mfukoni kutafuta sarafu, akatoa fyuzi, na mchungaji akaiona kutoka madhabahuni. Namwona pale anacheka, kwa hiyo nadhani amesamehe.

Tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na Mugo. Walikutana kwenye kituo cha maziwa, Mugo akiwa karani, Beth amekuja kutengeneza hita ya kuoshea mitungi. Mugo alinyoosha mkono awashe swichi, na neno la kwanza alilosikia kutoka kwa mke wake lilikuwa, "Gusa hiyo nikuvunje mkono." Mugo akaurudisha mkono mfukoni, na kwa kadiri ninavyojua aliuacha humo. Ni mtu mzuri, Mugo. Ni mtu wa kukubali. Alimkubali mke, na kabla ya mke alikuwa amekwisha kumkubali kaka. Mpaka leo shamba wanalolima liko kwa jina la Mzee Dedan, na kila mtu hapa anajua maana yake: ukimbishia, unahama. Mungu aliwapa watoto wawili, Phyllis na Wambugu.

Sasa najua wengine mtaanza kukohoa. Kohoeni, lakini naendelea.

Mwaka 2019 Mzee Dedan alijenga fleti za ghorofa tatu Nyeri mjini. Beth aliitwa afunge hita, Mugo akapewa funguo na kazi ya keateka, kuangalia nyumba. Hita inatakiwa iwe na waya wa ardhi, unaoshuka mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini udongoni. Elementi ikivuja, umeme unateremka huko, haupiti kwa mtu anayeoga. Beth aliufuata waya huo ukutani, akaukuta umekatwa na kufichwa ndani ya plasta. Haukufika popote, na fimbo haikuwepo. Akakataa kufunga hita hata moja. Mzee Dedan akaleta fundi mwingine asiyeuliza maswali.

Halafu ikaja ile zawadi. Kila mpangaji aliyehamia alipokewa na mwenye nyumba mlangoni akiwa ameshika patipati mpya za raba. "Karibu nyumbani, hizi ni za bafu." Watu walimsifu kwa moyo wake, hata kanisani alitajwa. Beth peke yake hakusifu. Miaka yote ya kazi, akiona patipati mlangoni mwa bafu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani anapigwa shoti hapa?" Alijua raba inamkinga mtu asisikie, na asiposikia hatamwita fundi. Basi mkewe Mugo, mama mzima, akawa anapanda zile ngazi na gunia, anagonga kila mlango, anachukua patipati. "Vua. Ukipigwa kidogo leo utaita fundi. Ukivaa hizi, shoti itakungojea mpaka siku umezisahau." Mzee Dedan alinunua nyingine, Beth akaja na gunia tena. Wapangaji walisema mke wa keateka ameingiwa na wazimu.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, mwalimu Gaudencia, mpangaji wa ghorofa ya pili, alizisahau. Mwalimu ameketi pale karibu na nguzo ya hema, ametoka kwao magharibi kuja kufundisha watoto wenu. Aliingia bafuni pekupeku, akashika bomba, akarushwa ukutani. Mkono ulivunjika mahali pawili. Aliamka ameanguka nje ya maji, na hiyo ndiyo sababu amekuja leo kwa miguu yake. Mtaani mkaambiwa aliteleza kwa sabuni. Mwenyewe ananiambia siku hiyo hata sabuni hakuwa ameigusa.

Beth alikwenda na testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye bomba, taa yake ikawaka. Akamfuata Mzee Dedan kwake, nami nilikuwepo, kwa hiyo maneno haya hakuna atakayeniambia nimeyatunga.

"Si niliwapatia patipati?" Mzee Dedan akasema. "Kwani wewe unataka nini, Beth?"

"Nataka hiyo waya ifike kwa udongo. Ni shimo moja na fimbo."

"Niko na wapangaji miaka tano. Hakuna mtu amekufa."

"Ati unangoja afe ndio uchimbe?"

"Wewe ni bibi ya ndugu yangu. Hautanifundisha nyumba yangu."

Ukaitwa mkutano wa ukoo. Sio wa kuzungumza juu ya waya, la. Wa kuzungumza juu ya ulimi wa Beth. Akaambiwa alete mbuzi amwombe shemeji yake msamaha kwa kumwaibisha mbele ya wapangaji. Beth akasema mbuzi wake ana akili kuliko kuliwa kwa jambo kama hilo. Akamgeukia Mugo, akamwambia, "Sema." Mugo akatazama viatu vyake. Wanaume kumi na zaidi mlikuwa kwenye chumba hicho, na baadhi yenu mmevaa suti nyeusi hapa mbele mkijiandaa kubeba jeneza. Hakuna aliyefungua mdomo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyinyi mliyaficha maradhi ya nyumba nzima, watu wakilala ndani.

Mwezi wa Juni marehemu alianza kushindwa kumeza chakula. Alipelekwa hospitali Nyeri, akapimwa, akaambiwa ni kansa ya koo la chakula, na kwamba imeenda mbali. Alitibiwa, akarudishwa nyumbani, akarudishwa tena wodini. Alikonda sana. Sitaki kuwaeleza zaidi ya hapo. Namwona bado akikagua hita ya wodi kutoka kitandani, akimwambia nesi taa yake haizimiki kwa sababu themostati, ile ya kukata umeme maji yakishapata moto, imeshika.

Katika wiki zake za mwisho hakuomba maombi mengi. Aliomba kitu kimoja, na alimwomba mume wake. "Mugo, uko na funguo. Zitoe hizo fyuzi za hita. Waoge baridi mpaka yeye achimbe." Mugo alisema atatazama. Kila siku ya kutembelewa Beth alimwuliza, "Umezitoa?" na Mugo alisema kesho. Siku ya mwisho sauti ilikuwa imeisha, akaonyesha kwa vidole tu, kama mtu anayechomoa kitu. Alifariki Jumapili tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, na fyuzi zilikuwa bado ukutani. Nilimkasirikia Mugo kiasi cha kutotaka kushika mkono wake. Mniwie radhi, nilimwita mwanamke mbele ya watoto wake, na wanawake hawakustahili tusi hilo.

Asubuhi ya leo mimi na mwalimu Gaudencia tulikwenda mochwari kumvika. Kamati ilikuwa imetuma sare yake ya kanisa, ikasisitiza avae hiyo peke yake, maana aproni si vazi la kuzikiwa. Tulimvika sare. Chini ya sare tulimvika aproni yake ya khaki. Tulikuwa tunamaliza Mugo alipoingia. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la plasta. Alitoa mkono mfukoni, na mkononi mlikuwa na fyuzi tatu, moja ya hita za kila ghorofa. Aliinua sare, akazitia kwenye ule mfuko, akahangaika na kile kifungo kwa muda mrefu, na hakukubali tumsaidie.

Kwa hiyo wapangaji mliooga maji baridi leo mkalalamika hapa getini, sasa mnajua. Fyuzi zinauzwa madukani, na Mzee Dedan anaweza kununua nyingine kabla jua halijatua. Lakini mmesikia nyote, na mchungaji amesikia. Maji yakipata moto kabla hamjaona mtu akichimba nyuma ya nyumba ile, msiingie bafuni, hata mkipewa patipati za dhahabu. Vijana waliochimba kaburi hili bado wana majembe yao, na wamenihakikishia hawajachoka. Mzee Dedan, unakijua kiasi cha shimo linalotakiwa. Ni dogo kuliko hili.

Marehemu ameacha mama yetu. Ameacha watoto wake Phyllis na Wambugu, mimi dada yake, na ndugu zetu wengine. Ameacha shemeji yake, Dedan Wamae, ambaye hakuwahi kupata mbuzi wake. Ameacha gunia la patipati nyuma ya mlango wa jikoni, mwenye zake aje achukue siku waya utakapofika udongoni. Na ameacha mume wake Mugo, aliyechelewa, lakini alizitoa.

Lala sasa, Beth. Ziko kwa mfuko yako, hakuna atakayekuwashia. Kazi haijaisha.