Sikio la Gereji

Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimia. Mama yenu, kaa hapo hapo mlangoni, wewe haya yote unayajua. Wewe mwanangu wa kiume vuta kile kigoda, keti miguuni pangu. Na wewe kifungua mimba wangu, njoo upande huu wa dirisha, mwanga ukupige usoni nikuone vizuri. Kwa nini nataka kuuona uso wako nitasema, na kulisema hilo ndiko kulikonifanya niwaite asubuhi hii kabla daktari hajapita.

Mali yangu haihitaji wakili. Kuna nyumba hii, kuna gereji yenye mashimo yake mawili ya kuingilia chini ya magari, na kuna lile Pijo 504 la bluu, la milango mitano, lililoegeshwa hapo nje chini ya bati. Mtu wa nje angesema hesabu ni nyepesi. Angekuwa haijui familia hii.

Nilipofungua gereji ile, watu walikuwa wakija kuniuliza kabla ya kununua gari, na maswali yao yalikuwa matatu tu: linabeba wangapi, linakunywa mafuta kiasi gani, na likiharibika spea zinapatikana? Nami nilikuwa na majibu. Ukitaka kubeba ukoo mzima na magunia juu, chukua Pijo. Ukitaka kusahau kwamba gari lina injini, chukua Toyota. Ukiwa na fedha na hutaki kuulizwa umezipata wapi, nunua Benzi kuukuu. Na ukiwa mwalimu ambaye hajaoa, kachukue kile kigari cha Foksi cha mgongo wa mviringo, injini iko nyuma na maji haiyajui. Nilikuwa nikisema hivyo watu wanacheka, kisha wanakwenda kununua nilichowaambia.

Leo mteja anaingia na hafungui boneti. Anakaa, anapapasa kioo, anauliza kama simu yake itaelewana na gari. Anataka gari refu kwenda juu, akae kama yuko ghorofani, na safari yake ni ya nyumbani na ofisini, lami mwanzo mwisho. Mlima pekee anaoupanda ni ukingo wa barabara anapoegesha vibaya. Rangi nazo zimekwisha. Zamani nilikuwa nikitazama barabarani naona kijani, naona chungwa, naona lile la maziwa ya mtindi la bwana posta. Sasa ni nyeupe, nyeusi na kijivu, kwa sababu mtu ananunua gari huku tayari anamfikiria atakayemuuzia. Na bei, wanangu. Taa ya mbele ya Pijo nilikuwa naibadilisha chai haijapoa. Taa ya leo lazima uvue bampa zima, na kwa bei ya taa hiyo moja zamani ungeondoka na gari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: wapo watengenezaji waliojijengea jina kwa chuma, sasa wanauza jina, chuma kimegeuka plastiki. Siwataji, wanajijua.

Lakini sitaki kufa mnafiki. Magari ya leo yanawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, na lile la kijivu lililopinduka kwenye kona ya kiwanda lilitoa watu wanne wazima, ambao Pijo langu nilipendalo lisingewatoa. Kila zama na kitabu chake. Mimi nalilia cha kwangu kwa kuwa ndicho nilichokisoma nikiwa na nguvu.

Wewe mwanangu unayeuza magari, una jicho la bei na ulimi wa kuuzia, na hilo si jambo dogo. Ila nikukumbushe. Ulipokuwa darasa la sita uliniomba niwe nakushusha kwenye kona ya duka la dawa, wenzako wasilione Pijo. Nilikushusha, nikaenda kazini roho inaniuma. Wiki iliyopita umeniletea mnunuzi wa viatu vyeupe, akalizunguka lile lile Pijo mara tatu, akataja bei inayonunua gari jipya na chenji ikabaki, nawe ukanitazama macho yanang'aa. Sikukulaumu. Wanaokuja sasa ni watoto wa wateja wangu, wanalipa mara kumi ili wakae tena kwenye kiti cha nyuma walichokuwa wakikionea aibu. Nilicheka moyoni tu, kwa sababu mguu wenyewe ulikuwa hauna nguvu ya kukupiga teke.

Sasa gereji. Mnajua desturi yake. Hakuna gari lililotoka kwenye lango lile kabla sijachukua bisibisi yangu ndefu ya mpini wa mbao, nikaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, nikafumba macho, nikasikiliza, kisha nikasema, "Nenda salama." Watu walikuja kutoka mbali kuyafuata maneno hayo mawili. Waliniita Sikio, na nililipenda jina hilo kuliko nililopewa na baba yangu. Nikatangaza mbele ya watu kwamba sikio hili atalirithi mwanangu wa kiume, kisa siku moja akiwa mdogo aliniambia feni inagusa kitu. Ilikuwa bahati, mwanangu, na nadhani hata wewe unajua. Mimi nilitaka tu mwana wa kiume wa kumsifia.

Wanangu, sikio hili lilikufa miaka tisa iliyopita.

Msishtuke. Lilikufa pole pole, kwanza likapoteza ndege, kisha saa ya ukutani, kisha injini. Mama yenu alijua kwa redio, nilikuwa naifungulia mpaka majirani wanapata habari zote bila kununua redio zao. Aliniambia nikatibiwe nikakataa. Sikio akatibiwe sikio, watu watasema nini? Hata sasa mkinisemesha nasoma midomo, kinachobaki nakisia. Na magari yaliendelea kutoka, na yalitoka mazima, na ninyi hamkujiuliza nilifanyaje.

Nilifanya hivi. Wewe binti yangu ulikuwa ukisimama ng'ambo ya boneti. Una unyusi wa kushoto usiojua kusema uongo. Injini ikiwa na kasoro, unapanda. Mimi nilikuwa nafumba macho, lakini sikuyafumba yote. Unyusi ukitulia nasema nenda salama. Ukipanda nasema fungueni. Watu wanapiga makofi kwa ajili ya sikio langu, na masikio yaliyokuwa yakifanya kazi ni yako.

Njia ya mwongo ni fupi. Mama yenu alipolazwa ulikwenda kumuuguza wiki nzima, na gari la mkunga ulikuwa umelifunga injini mwenyewe, ukaniambia, "Baba, lisitoke mpaka nirudi, kuna sauti chini sijaielewa." Mkunga akaja kulichukua. Watu watano walikuwa wananitazama. Nikaweka bisibisi, nikafumba macho kwa madaha, sikusikia chochote, nikasema nenda salama. Injini ilifia juu ya daraja, mkunga akaenda zamu kwa miguu, na Mungu tu alitaka asiwe na mgonjwa ndani. Uliporudi nilikusimamisha mbele ya watu nikasema kwamba hujui kufunga injini, na kwa mwaka mzima nikakuweka kwenye matairi. Fundi rangi wa gereji ndiye aliyekujibia. Aliweka brashi chini, akasema, "Mzee, binti hana kosa. Wewe husikii." Nikamfukuza siku ile ile, baada ya miaka kumi na saba ya kufanya kazi pamoja, na hata leo tukikutana dukani natazama viatu vyangu. Nilimfukuza kwa sababu alisema kweli, na hilo linanichoma kuliko ugonjwa huu.

Kisha nikakurudisha kwenye injini, bila kuomba radhi, kwa kuwa pasipo uso wako nilikuwa si kitu. Mwaka jana nikaona unyusi umepanda karibu uingie kwenye kilemba, nikapaza sauti nikasema injini ile mbovu, ifunguliwe. Ukazunguka boneti, ukanishika mkono, ukatamka neno moja moja nilisome mdomoni: "Si injini, baba. Ni jino langu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba unajua. Nikakumbuka kwamba kila mara ulisimama upande wa lango, palipo na mwanga. Miaka yote ile ulikuwa unaniwekea uso wako mahali nitakapouona, hata mwaka ule wa matairi, ukiacha tairi lako unakuja kusimama, na mimi nikadhani ni mimi ninayekuibia. Nisamehe, mwanangu. Nimekuomba mbele ya mama yako na ndugu yako, na ningepata siku nyingine ningekuomba mbele ya wale watu watano.

Basi shikeni maneno haya. Nyumba ni ya mama yenu, na anayetaka kumhamisha amhamishe kwanza Mungu. Gereji ni ya binti yangu, mashimo, vifaa, lango, na bisibisi ya mpini wa mbao. Wateja watasema Sikio amekufa, twende kwingine. Ndiyo maana ninyi wawili mtawaambia niliyoyasema leo, yote, msinifichie aibu yangu. Wakijua ni sikio la nani walilokuwa wakilifuata, watabaki. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na ile mashine yako ya kompyuta ya kupimia magari, niliyoiita kikokotoo, itoe kwenye kabati uitumie.

Fundi rangi mwendeeni nyumbani, msimpigie simu. Mwambieni alisema kweli na mimi nilisikia, ndilo jambo la mwisho nililolisikia vizuri. Akikubali kurudi, apewe kona yake.

Pijo ni lako, mwanangu wa kiume. Litanibeba mimi kwanza kwenda kaburini, viti vya nyuma vikilazwa natosha, nimejipima. Dada yako ataendesha, wewe utakaa mbele, na mtapita kwenye kona ya duka la dawa polepole. Kisha liendeshe mwezi mmoja. Baada ya hapo ukitaka kumuuzia yule wa viatu vyeupe, muuzie, ila mwambie mlango wa nyuma si wa kiwandani. Chema chajiuza, usikitie chumvi.

Nimechoka. Maji... basi, yanatosha.

Mwanangu, toka nje ukaliwashe. Ufunguo uko chini ya mto wangu, hapo. Usilikanyagie mafuta, lina umri kama wangu. Nenda.

Wewe binti, baki hapa. Usiniambie kitu. Simama hapo hapo kwenye mwanga.

Limewaka? ... Nyamaza, nitaona mwenyewe.

Unalia na unacheka. Hiyo... hiyo sijawahi kuikuta kwenye injini yoyote. Ngoja nikutazame vizuri. Unyusi umetulia. Linazunguka sawasawa, siyo? Mitungi yote minne.

Mungu awape kazi isiyowaaibisha, awape watu wa kuwaambia kweli, na mkiambiwa muisikie. Muwe na mama yenu. Mpendane... hata mkigombana.

Fungueni lango. Nendeni salama.